Baba ana kidonda kidoleni na mishipa ya mguu imeziba: tumuuguze vipi nyumbani?

Swali

Shikamoo dada muuguzi. Baba yangu ana miaka 68, alikuwa fundi seremala, tunaishi Tanga. Ana kisukari na presha kwa miaka mingi, na sigara ameacha mwaka jana tu. Alianza kwa kulalamika kwamba shavu la mguu wa kulia linamkaza akitembea, akisimama linaachia. Sasa ana kidonda kwenye kidole gumba cha mguu huohuo, mwezi wa pili huu hakiponi, na usiku maumivu hayampi usingizi. Hospitali walituambia mishipa ya damu ya mguu imekuwa myembamba, wakatupa vidonge na karatasi ya rufaa ambayo bado hatujaitumia. Majirani wengine wanasema tumwinulie mguu juu ya mito, wengine tumfunge bendeji ya kubana, wengine maji ya moto na chumvi. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hatoki nje tena, hata msikitini haendi, na wageni hataki kuwaona. Tumuuguze vipi? Na je, atarudi kuwa yule baba tuliyemzoea?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Poleni sana nyumbani, na mfikishie mzee salamu zangu.

Nianze na ile karatasi ya rufaa, maana mengine yote yanaitegemea. Itumieni wiki hii hii. Mtu ambaye shavu la mguu linamkaza akitembea tu, kisha likaachia akipumzika, ana nafasi ya kupanga matibabu yake taratibu. Baba yako ameshavuka hapo. Maumivu ya usiku akiwa amelala, pamoja na kidonda kilichopita wiki mbili bila kupona kwenye mguu wenye mishipa iliyobana, ndiyo hali ambayo miongozo ya kimataifa ya mwaka 2019 inaihesabu kuwa ni mguu ulio hatarini kupotea. Damu inayofika kidoleni haitoshi kujenga nyama mpya. Kidonda mnaweza kukisafisha kwa uangalifu wote, lakini damu isipofika kitabaki palepale au kitapanuka.

Kwa watu wa Tanga, Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa kanda yenu rufaa ya juu zaidi ni KCMC, Moshi. Wengine huelekezwa Muhimbili, Dar es Salaam. Popote mtakapopelekwa, ulizeni bila kuona haya: je, ataonwa na daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu, na je, mshipa huu unaweza kufunguliwa? Kuna njia ya kupitisha mrija mwembamba wenye puto ndani ya mshipa na kuupanua pale palipobana. Kuna pia upasuaji wa kuchukua vena ya mgonjwa mwenyewe, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, na kuutumia kuipitishia damu njia ya pembeni. Si kila mgonjwa anafaa kwa hizo, ila kila mgonjwa wa hali hii anastahili swali hilo liulizwe kabla ya kukata kitu chochote.

Kipimo cha kwanza hakiumi. Muuguzi au daktari atatafuta mapigo kwa vidole, juu ya unyayo na nyuma ya kifundo kwa upande wa ndani. Kisha atapima presha ya kifundo cha mguu na ya mkono kwa msaada wa dopla, kifaa kidogo kinachotoa sauti ya damu inavyopita, na kugawanya ya mguu kwa ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9, mishipa imebana. Likishuka kuelekea 0.4, hali ni mbaya. Hapa pana mtego kwa wenye kisukari: kuta za mishipa yao hujaa chokaa zikawa ngumu, kifaa kikashindwa kuzibana, na namba ikatoka nzuri kumbe mguu una njaa ya damu. Kwa hiyo ukiambiwa namba ni 1.4 na zaidi usishangilie. Ulizia kama wanaweza kupima presha ya kidole chenyewe, ambako mishipa midogo haigandi kwa chokaa kirahisi hivyo.

Sasa ushauri wa majirani. Hawana nia mbaya. Wengi wamewahi kuona mgonjwa wa miguu aliyepona kwa kuinua mguu na kufunga bendeji ya kubana, na walichokiona ni kweli, ila kilikuwa ugonjwa mwingine. Ateri, mshipa unaoleta damu mguuni, ni bomba linaloleta maji uani; vena ni mtaro unaoyatoa. Mtaro ukiziba maji hutuama, na bomba likiziba ua hukauka. Mgonjwa wa vena mguu wake huvimba, ngozi juu ya kifundo hugeuka rangi ya kahawia iliyokolea, na kidonda chake huwa kipana, cha juujuu, chenye majimaji, mara nyingi upande wa ndani juu kidogo ya kifundo. Huyo kumwinulia mguu na kumfunga bendeji ya kubana ndiyo tiba. Mgonjwa wa ateri kama baba yako mguu wake ni wa baridi, vinyweleo vimepukutika, ngozi imekuwa nyembamba na inang'aa, na kidonda kiko kwenye vidole au kisigino, kidogo lakini chenye kingo kali na maumivu makubwa. Ukimwinulia mguu juu ya mito unamnyima hata ile damu kidogo inayoteremka. Ukimfunga bendeji ya kubana unaweza kuua ngozi. Mguu ambao haujapimwa mapigo usifungwe bendeji ya kubana, hata anayefunga awe amevaa koti jeupe.

Na maji ya moto, hapana kabisa. Kisukari cha miaka mingi huleta ganzi miguuni, kwa hiyo anaweza kuungua asijue. Tena joto huifanya nyama idai damu zaidi, damu ambayo haipo. Chupa ya maji ya moto kitandani na kuota moto wa jiko vimo kwenye katazo hilohilo. Mguu ukiwa baridi, mvalishe soksi laini ya pamba isiyobana juu.

Kumsafisha kidonda nyumbani kunawezekana, mkishaonyeshwa na muuguzi wenu. Mimi huwafundisha ndugu hivi. Nawa mikono kwa sabuni, kausha. Gozi ya zamani ikiwa imegandia, usiivute; ilowanishe kwa maji ya chumvi ya hospitali, au maji yaliyochemshwa yakapoa, usubiri iachie yenyewe. Kabla ya kugusa chochote, tazama. Kidonda kina rangi gani, kina majimaji kiasi gani, kinanuka vipi, ngozi ya pembeni ikoje? Pitisha nyuma ya kiganja chako kuzunguka kidonda, ulinganishe joto na mguu wa pili. Hili nalisisitiza kwa sababu vitabu vingi vinakuambia utafute wekundu, na kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huonekana kwa shida. Utakachokiona ni ngozi iliyoiva ikawa nyeusi zaidi, inayong'aa na kuvutika, na kiganja kitahisi joto kabla jicho halijaona kitu.

Safisha kwa kumwagia taratibu, usiuloweke mguu kwenye beseni. Spiriti, iodini kali na maji yanayotoa povu ya duka la dawa huchoma hata nyama changa inayojaribu kuota. Kufungua kidonge cha antibayotiki na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda, jambo nililoliona mno, hakuui vijidudu vilivyoingia ndani, na kunatengeneza gamba linalokuficha usione kinachoendelea chini. Mafuta ya nazi, majani yaliyosagwa, majivu, vyote viacheni mbali na kidonda hiki. Kausha kwa gozi, hasa katikati ya vidole, weka kipande chembamba cha gozi kutenganisha kidole gumba na jirani yake, funika kwa gozi kavu, na bendeji ipite kwenye unyayo kwa ulegevu. Usikizungushie kidole plasta kama pete. Kidole kikivimba kidogo tu, ile plasta inageuka kitanzi.

Ikiwa sehemu ya kidole imekauka, imekuwa nyeusi na ngumu bila unyevu wala harufu, iacheni ibaki kavu na msiibandue. Ikilainika, ikatoa maji au harufu, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Kila wiki piga picha moja kwa simu, kwenye mwanga wa dirishani, sarafu ya shilingi 200 ikiwa kando ya kidonda ili kionekane kimepanuka au kimepungua. Picha nne zikipangwa pamoja humweleza daktari mambo ambayo dakika chache za kliniki haziwezi.

Usiku, maumivu yakimwamsha, mwacheni aning'inize mguu ukingoni mwa kitanda kwa muda. Mtaona mwenyewe hutafuta kulala kwenye kiti, na wengi wenye ugonjwa huu hufanya hivyo bila kufundishwa, kwa sababu mguu ukiwa chini damu huteremka na maumivu hupungua. Shida ni kwamba kulala kitini kila siku kunavimbisha mguu, na uvimbe nao hubana damu. Wekeni tofali chini ya kila mguu wa kitanda upande wa kichwani, ili kichwa kiwe juu kidogo na miguu chini. Kisigino kisikandamize godoro. Kunjeni khanga iwe mto mdogo chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki hewani, bila kuupandisha mguu kuliko kifua. Kisigino kikipata kidonda kwenye mguu wa namna hii ni balaa kubwa kuliko hiki cha kidole.

Dawa ya maumivu aandikiwe, na mwambie daktari ukweli kwamba halali. Tafadhali msimnunulie diklofenaki au ibuprofeni dukani. Mzee mwenye kisukari na presha anayemeza dawa hizo mfululizo anaweza kuharibu figo, na figo zikiharibika hata kipimo cha picha ya mishipa, kile cha kuchoma dawa, kinaweza kuahirishwa.

Kuhusu vile vidonge alivyopewa, huenda ni aspirini au klopidogreli ya kuzuia damu isigande, na statini ya kupunguza lehemu, yaani mafuta kwenye damu. Havimpunguzii maumivu leo, ndiyo maana wagonjwa huviacha. Lakini ateri zilizobana mguuni mara nyingi zimebana pia moyoni na kichwani, na wagonjwa hawa hupoteza maisha kwa moyo na kiharusi kuliko kwa mguu wenyewe. Avimeze kila siku pamoja na dawa za kisukari na presha. Kuacha sigara amefanya jambo kubwa kuliko vidonge vyote, mpongezeni mara kwa mara, na wanaovuta wavutie nje ya nyumba. Chakula nakipitia kwa ufupi: kidonda kinajengwa kwa protini, kwa hiyo samaki, dagaa, maharage na yai visikosekane, tui na chumvi vipungue, wanga upimwe kulingana na sukari yake.

Sasa nije kwenye kile ulichosema kinakuumiza zaidi. Ulikiweka mwisho wa swali, lakini mimi nakiona ndicho kiini cha uuguzi wenyewe.

Mwaka 2001 watafiti wa London walichapisha dodoso la kupima maisha ya mgonjwa wa mishipa ya miguu, maswali 25 katika maeneo matano: maumivu, dalili, shughuli za kila siku, maisha na watu, na hisia zake. Mwaka 2014 watafiti wa Sweden walilifupisha likawa maswali sita ili liweze kutumika kliniki. Ninachokipenda ni kwamba lilikubali jambo ambalo dopla haiwezi kulisikia. Wagonjwa wawili wenye namba moja ya kipimo wanaweza kuishi maisha mawili tofauti kabisa, mmoja akienda sokoni, mwingine akiwa amejifungia chumbani.

Baba yako amepoteza msikiti na baraza. Msimuulize "unajisikiaje," atasema "nashukuru Mungu," na mazungumzo yataishia hapo. Muulize: baba, ukipata nafuu, wapi ungependa kwenda kwanza? Na ni nini hasa kinakuzuia sasa? Mara nyingi kuna sababu zaidi ya moja, na baadhi ni ndogo kuliko mnavyodhani. Inaweza kuwa ni umbali, kwamba njiani hakuna pa kukaa. Inaweza kuwa harufu ya kidonda, anaogopa watu wataisogeza mikeka. Hilo la harufu wazee hawalisemi kwa mtoto wao. Mwambieni muuguzi waziwazi. Ipo dawa ya kuwekwa kwenye kidonda ambayo daktari anaweza kuiandika ikatuliza vijidudu vinavyonuka, na harufu mpya iliyoanza ghafla ni dalili ya maambukizi ambayo haipaswi kufichwa.

Kuhusu msikiti, zingatieni mambo haya. Kandambili na makubadhi mkanda wake hupita katikati ya kidole gumba na cha pili, palepale kwenye kidonda chake. Mtafutieni kiatu cha wazi chenye mkanda mpana juu ya unyayo na kingine nyuma ya kisigino, mkinunue jioni mguu ukiwa umejaa, na kabla hajakivaa mtu apitishe mkono ndani kutafuta jiwe au msumari. Uwanja wa msikiti wenye sakafu iliyopigwa na jua la adhuhuri asiukanyage peku. Asindikizwe na kiatu mpaka mlangoni, avae soksi ndani. Kwenye kikao cha tahiyatu mguu wa kulia husimamishwa vidole vikiwa vimekunjwa kuelekea kibla, na hicho ndicho kidole kinachougua. Aswali kwa kukaa kwenye kiti. Udhu wa mwenye bendeji una hukumu yake, amuulize imamu wake kuhusu kupaka maji juu ya bendeji badala ya kuosha, na mguu wa pili ukaushwe vizuri katikati ya vidole. Mzee akielezwa kwamba dini yake imemwekea nafasi, huanza kutoka nje kabla kidonda hakijafunga.

Kwa sasa asilazimishwe mazoezi ya kutembea, maana ana kidonda na mshipa haujafunguliwa. Baada ya mshipa kufunguliwa na kidonda kupona, kutembea kutakuwa dawa yake: mara tatu kwa wiki, dakika 30 hadi 45 kwa mzunguko wa kutembea mpaka maumivu yawe makali kiasi, kusimama yapoe, kisha kuendelea, kwa wiki zisizopungua 12. Andikeni kwenye daftari alifika wapi: duka la kona, mwembe, mlango wa msikiti. Vituo hivyo vinampa mzee moyo kuliko hesabu ya mita.

Kama halali, hali chakula, hana hamu hata ya wajukuu kwa zaidi ya wiki mbili, mwelezeni daktari kama mnavyoeleza kidonda. Sonona kwa mgonjwa wa mishipa inatibika, na asiyetibiwa huacha dawa na huacha kula.

Umeniuliza kama atarudi kuwa yule wa zamani. Jibu la kweli linategemea kama mshipa unafunguka. Ukifunguka, wengi hulala usiku, kidonda hufunga, na hutembea mwendo wa kutosha kwa maisha ya mtaani. Usipofunguka, au kidole kikiwa kimekufa, daktari anaweza kushauri kukata kidole. Msilikimbie shauri hilo kwa siku nyingi mkizunguka kwa waganga, maana kidole kilichokatwa mapema mara nyingi huokoa unyayo, na unyayo uliooza huweza kuchukua uhai. Ikifika kukatwa juu zaidi, elewa kwamba Moshi, hapo KCMC, ndiko kilipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam nao wanavitengeneza. Mwombe daktari azungumze na mzee mwenyewe, si na ninyi watoto pembeni. Mguu ni wake.

Hali hii inaokolewa kwa mafunzo zaidi ya mashine. Katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, mradi wa Hatua kwa Hatua ulioendeshwa Tanzania na India, na kwa hapa kwetu ukasukumwa na Dkt. Zulfiqarali Abbas, ulifundisha daktari na muuguzi wakiwa jozi kutoka kituo kimoja, warudi wakawafundishe wagonjwa kutunza miguu. Ukifika kliniki ya kisukari ulizia muuguzi wa miguu. Kama yupo, atakuwa rafiki yenu mkubwa.

Na wewe usibebe peke yako. Kama mzee anaona haya kushikwa miguu na binti yake, kaka au mjukuu afundishwe kufunga kidonda, wewe ushike daftari, dawa na safari. Hilo ni kumwekea baba heshima yake, si kukwepa kazi.

Kabla hamjasafiri na rufaa, kaeni macho kwa haya. Mguu ukiwa ghafla baridi sana na maumivu makali, unyayo na kucha zikipauka, vidole vikifa ganzi au vikishindwa kusogea, mpelekeni saa hiyohiyo hata iwe usiku wa manane, kwani nyama isiyopata damu kabisa huanza kufa ndani ya saa sita hivi. Homa, usaha, uvimbe unaopanda, au sukari iliyopanda bila sababu, nayo ni safari ya siku hiyo. Siku ya safari yenyewe chukueni vidonge vyake vyote kwenye mfuko mmoja, daftari la sukari, zile picha, kadi ya bima kama anayo, na jibu lake mwenyewe kwa lile swali la wapi angependa kwenda kwanza, limeandikwa juu kabisa ya ukurasa ili daktari alisome.